Beseni la Maua ya Mpakani

"Wakati ulikuwa unang'oa, huo mti wa avokado ulikuwa mkono wako gani? Wa kulia ama wa kushoto?"

Hilo ndilo swali nililoulizwa leo mchana, kwenye manyunyu, mbele ya mama wa mwanamume ninayempenda, mbele ya jirani yake, mbele ya msichana ninayemwonea wivu kuliko binadamu yeyote aliye hai, na mbele ya mbwa. Sikuwa na jibu. Mimi! Mimi niliyemuuliza katekista nani alikuwa akiandika wakati dunia inaumbwa. Mimi ambaye wahadhiri wakiona mkono wangu juu walikuwa wanatazama saa. Leo nimepata aibu mpaka masikio yamepata moto, na bado yanawaka ninapoandika haya. Kaeni niwaeleze kwa utaratibu. Mkitaka kucheka, geukieni ukuta kwanza.

Kwa wale mlioingia kundi hili juzi: naitwa Gakii, nilizaliwa Mikinduri, nikalelewa Meru mjini kwenye nyumba za kupanga, nikasomea elimu ya wanyama chuo kikuu, na sasa nauza mbolea. (Msiulize vinahusiana vipi. Wanyama wanaitengeneza, mimi naiuza.) Kampuni imenipa sehemu yangu ya kuuzia, kutoka Kanyakine kushuka mpaka kule Embu. Bosi haiiti sehemu. Anaiita territory, kwa Kiingereza, na kila akilitamka neno hilo anatoa kifua kama jogoo.

Leo asubuhi kanipigia simu hata sijapiga mswaki.

"Gakii, nasikia kuna mtu wa kampuni nyingine ameonekana Kanyakine. Linda teritori yako!"

"Bosi, wakulima wa Kanyakine wanajua kwamba wao ni teritori yangu?"

"Uza mbolea, Gakii."

Neno hili limenisumbua tangu zamani. Chuoni tulifundishwa kwamba teritori ya chui ni pale alipokojoa. Ya ndege ni pale sauti yake inapofika akiimba. Kwenye historia, teritori ilikuwa nchi ya watu iliyochukuliwa na mgeni mwenye bendera. Kwa bosi wangu, ni mahali ninapoweza kuuza mbolea bila kugombezwa. Neno moja hilo! Kiswahili angalau kina adabu, kinasema eneo, kinasema milki, kinasema himaya, na mtu akichoka anasema tu "kwetu". Kiingereza kimemtia chui, mkoloni na Gakii kwenye gunia moja. Nilikuwa nimeshafikia uamuzi wangu kuhusu jambo hili: anayelitaja sana neno hilo ni mtu mwenye hofu ya kunyang'anywa. Mwenye mali kweli hana haja ya kukojoa.

Hayo niliyafikiri nikiwa nimeketi kitandani, nimetulia, msomi. Kisha nikakumbuka Wawira, na utulivu ukaisha.

Wawira ni nani? Subirini. Kwanza Njeru. Njeru ni mpenzi wangu. Anafanya kazi Meru mjini, lakini kwao ni Kibugu, kule juu Embu ambako chai inaanza na msitu unaonekana. Ni kijana mtulivu, mpole, na mtoto wa mama. Hilo silisemi kwa dharau. Mama yake akisema viatu hivi ni vibaya, Njeru anavivua hapo hapo.

Wawira ni binti wa jirani yao. Wamekua pamoja. Jina lake nalijua kuliko sala. Nikipika githeri, Njeru anaonja, anafikiri, anasema, "Wawira huwa anaweka kitunguu mwisho." Nikinunua jaketi: "Wawira yuko na moja kama hiyo." Nikiumwa na kichwa: "Wawira husema ni maji, unywe maji." Mwanamke ambaye sijawahi kumwona amekuwa anaishi nasi, anakula nasi, anatibu watu.

"Kwani mlikuwa na uhusiano?" nilimuuliza siku moja.

"Na Wawira?" Njeru akacheka sana. Sana mno. Mtu asiye na la kuficha hucheka kidogo tu. (Hili halijathibitishwa kisayansi, lakini ninaliamini.)

Basi leo ilikuwa siku ya mimi kupelekwa kwa mama yake mara ya kwanza. Mnaelewa uzito wake. Mama akinikubali, mambo yanasonga, wazee wao wanakuja kwetu kubisha mlango. Mama asiponikubali, nimeshawaambia Njeru ni nani. Viatu vinavuliwa.

Njeru alitangulia jana. Mimi nikafika Kibugu leo karibu na adhuhuri, na gauni langu la kitenge, na mfuko wenye vitu ambavyo kila mgeni mwenye akili hubeba: sukari, unga, mkate, mafuta ya kupikia. Boda akaniteremsha barabarani, akaangalia matope ya njia ya ndani, akanirudishia uso wa pole. Nikampigia Njeru.

"Boda amekataa. Nakuja kwa miguu."

"Pita hiyo njia ya mkato, kati ya chai, halafu unashuka kwa mashamba. Utaona bati ya bluu. Lakini harakisha, Wawira alifika kitambo."

Nilisimama. Tope likapanda viatuni.

"Wawira amekuja kufanya nini?"

"Kusaidia Mama kupika. Na amemletea maua! Waridi, kutoka hilo shamba la maua anafanyia kazi, kule Timau. Mama amefurahi, hata ameimba. Si unajua vile Mama anapenda maua?"

Sikujua. Wiki nzima nilikuwa namuuliza huyu mwanamume, "Mama anapenda nini?" na wiki nzima anajibu, "Ah, chochote tu." Niliutazama mfuko wangu. Sukari. Unga. Mtu amempelekea mama mkwe wangu waridi mpaka akaimba, na mimi naja na mafuta ya kukaangia!

Nikatembea nikiwa na hasira. Chai ikaisha, nikaanza kushuka kwenye mashamba. Na hapo, karibu na mti mkubwa wa avokado, nikayaona.

Maua! Marefu, meupe, kila jani la ua lina mstari wa rangi ya waridi katikati kama pajama za matajiri. Mvua ilikuwa imenyesha, yote yamechanua kwa pamoja. Hakuna nyumba karibu, hakuna seng'enge, nyasi tu za ng'ombe pande zote mbili. Yametoka juu, yakashuka kwa mstari mmoja safi, yakapinda kidogo kwenye mti, kisha yakaendelea kushuka kwa mstari mmoja safi.

(Najua. Najua! Mtu anayehoji kila kitu alipaswa kuhoji hapa: maua gani ya porini hupanga foleni? Nilihoji kuumbwa kwa dunia, hili nikaliacha lipite.)

Nilichowaza ni hiki: waridi la Wawira limekatwa. Keshokutwa linainamisha kichwa, wiki ijayo liko kwenye takataka. Mimi nitampelekea Mama ua lenye mizizi. Atalipanda. Kila mvua ikija litachanua, na kila likichanua atasema, "Haya niliyaletewa na Gakii." Nikatoa kwenye mkoba kijembe changu cha kazi, cha kuchukulia udongo wa kupima, nikachuchumaa, nikaanza kazi.

Nilichimba kwa bidii ya wivu. Nilichimba upande huu, nikazunguka mti, nikachimba upande ule. Chini ya kila ua kulikuwa na tunguu kubwa, kubwa kuliko kitunguu cha sokoni. Mengine yalitoka mazima, mengine yalikatika nikaacha nusu ardhini. Yote ya pale kwenye kona nikayabeba. Na kwa kuwa nimelelewa vizuri, nilifukia mashimo yote, nikayakanyaga, nikayafunika na nyasi, mtu asije akajikwaa.

Mstaarabu. Hakuacha hata alama.

Nikafika penye bati la bluu. Wa kwanza kunipokea alikuwa mbwa wao, Simba. Akaninusa. Akauzunguka mfuko wa sukari. Akainua mguu. Nilisomea jambo hili miaka mingi, nimeandika mtihani juu yake, lakini sikuwa nimewahi kulipokea moja kwa moja.

"Simba! Wee!" Njeru akaja mbio, simu mkononi, mpira unaendelea kwenye kioo. "Pole, babe. Amekupenda."

"Hajanipenda. Ameniambia hapa si kwetu."

Nikayahifadhi maua kwenye kivuli cha nyumba, nikapelekwa jikoni, kibanda cha nje chenye moshi mzuri. Mama Njeru ni mwanamke mdogo, kitambaa kichwani, macho yanayopima. Akanishika mkono kwa mikono yote miwili.

"Karibu, mwari. Hukupotea?"

"Hapana, Mama. Nilipita njia ya mkato."

"Ya kwa avokado? Ni nzuri hiyo," akasema. (Mungu wangu.)

Na pale kwenye kigoda, anasukuma chapati, alikuwa Wawira. Nilikuwa nimeomba awe na sura ya kawaida. Maombi yangu hayakufika popote.

"Dada! Ndio huyu Gakii? Njeru ametuimbia Gakii, Gakii, mpaka tukachoka. Karibu, kaa. Hapana, hapo kuna moshi, kaa huku."

Ananionyesha mahali pa kukaa! Jikoni kwa mama mkwe wangu!

"Nisaidie nini?" nikauliza.

"Wewe ni mgeni, dada. Pumzika tu." Akanyoosha mkono nyuma yake, bila kugeuka, bila kutazama, akatoa mkebe wa chumvi kwenye rafu. "Mami, chumvi inaisha."

Mami. Siyo Mama, siyo Mama Njeru. Mami! Na ule mkono! Nilibaki nauangalia ule mkono. Mkono wa mtu unajuaje chumvi iko wapi bila macho kusaidia? Mimi kwangu nyumbani natafuta chumvi kwa tochi.

Nikarudi ndani kabla sijalia kwa moshi. Sebuleni, katikati ya meza, kwenye jagi, yalikuwepo mawaridi yake. Mekundu. Yamejaa. Nilitazama kushoto, nikatazama kulia, nikalibeba jagi nikaliweka dirishani, nyuma ya pazia, ambako waridi hupata mwanga wa kutosha. (Hiyo ndiyo sababu. Mwanga.) Kisha nikaomba beseni, nikayapanga maua yangu humo, matunguu chini, maua juu, nikaweka mahali palipokuwa na jagi. Nikayafunika na leso ili Mama ashangae vizuri.

Chui anakojoa. Ndege anaimba. Mimi niliweka beseni.

"Nini hiyo?" Njeru akauliza bila kuinua macho kwenye mpira.

"Zawadi ya Mama. Utaona."

"Sawa. Sikia, Mzee Ireri anakuja kula na sisi, baba yake Wawira. Yeye na Mama walikosana miaka mingi juu ya shamba. Walienda kwa chifu, wakaleta wapimaji, wakaenda kortini, wazee wakakaa, mbuzi ikaliwa, ndio ikaisha mwaka huu. Leo ni mara ya kwanza anaingia hapa. Kwa hivyo, tafadhali, usiulize maswali."

"Mimi?"

"Gakii."

"Sitauliza."

Mvua kubwa ikanyesha, ikapiga bati kwa fujo, ikapungua. Mzee Ireri akaingia na kofia inayochuruzika, mrefu, anainamisha kichwa mlangoni, na aibu kidogo ya mtu anayeingia nyumba aliyoapa hataikanyaga. Mama akampokea kofia. Wakaulizana habari za ng'ombe kwa uangalifu, kama watu wanaobeba mayai. Wawira akaleta chapati. Mama akaleta kuku. Tukasimama tukaomba, Mzee mwenyewe akaombea ujirani mwema. Hata mimi niliguswa.

Amina.

Nikaona huu ndio wakati.

"Mama," nikasema, nikasafisha koo. "Kabla hatujala, nami nina kitu kidogo. Nilisikia unapenda maua. Sasa kuna watu wanaleta maua yaliyokatwa," (sikumtazama Wawira, nilitazama karibu naye) "lakini mimi nimekuletea yenye mizizi. Haya hayatanyauka. Utayapanda popote unapotaka."

Nikavuta leso.

Nilitegemea makofi, hata wimbo mfupi. Kijiko kikaanguka kutoka mkononi mwa Mama, kikagonga sakafu. Wawira alisimama na sahani ya chapati kama aliyepigwa picha. Njeru akazima mpira. Njeru! Akazima mpira!

Mzee Ireri ndiye aliyefungua mdomo kwanza, polepole.

"Msichana. Hii umetoa wapi?"

"Njiani tu, Mzee. Yalikuwa yamejiotea."

"Yamejiotea."

"Ndiyo."

"Kwa mstari?"

Nikaitikia kwa kichwa.

"Ni... karibu na avokado?" Mama akauliza kwa sauti ndogo sana.

"Hapo hapo, Mama! Yote ya pale kwenye kona. Na kule juu bado kuna mengine, nikirudi naweza..."

"Popote anapotaka!" Mzee akasimama, kichwa nusura kiguse taa. "Mmesikia? Apande popote anapotaka! Mama Njeru, kumbe ndio maana chapati! Unaniita kukula, naomba Mungu hapa na macho nimefunga, na mke wa mtoto wako anang'oa matoka!"

"Huyu si mke wa mtoto wangu!" Mama akapiga kelele.

Katika yote ya leo, hilo ndilo lililoniingia mfupani. Na alilisema haraka, bila kufikiri, kama mkono wa Wawira kwenye chumvi.

"Dada," Wawira akaninong'oneza, akaweka sahani chini. "Hayo si maua."

"Ni nini?"

"Ni mpaka."

Akanieleza pale pale, kwa huruma, na huruma yake ikanichoma kuliko makelele ya baba yake. Hayo ni matoka. Moja ni itoka. Tangu mababu, shamba la mtu na la mwenzake hutenganishwa nayo. Jiwe la serikali mtu anaweza kulisogeza. Seng'enge mtu anaweza kuihamisha. Itoka haliguswi. Limechomwa na jua, limelimwa, limekanyagwa na ng'ombe, mvua ikija linaota pale pale. Kuling'oa ni kujitafutia laana, na mbuzi wa kusafishia. Ndiyo yaliyomaliza kesi yao: chifu alishindwa, wapimaji walishindwa, korti ilichoka, wazee wakasema, fuateni matoka.

Na mimi nikayaleta mezani kwenye beseni.

Sasa fikirini kidogo. Katika Kenya nzima, mpaka mmoja tu nilikuwa nautamani kwa moyo wangu wote: ule wa kutenganisha kwa kina Njeru na kwa kina Wawira. Ningeweza kuujengea ukuta kwa mshahara wangu. Na ndio huo nilioung'oa kwa mikono yangu, nikiwa nimechuchumaa, nikitabasamu.

Tulitoka sote kwenye manyunyu, mimi nimebeba beseni mbele kama mtu anayepeleka sadaka, Njeru na jembe, Simba nyuma. Tukafika kwenye mti. Mashimo? Hakuna mashimo. Nilikuwa nimefukia, nikakanyaga, na mvua ikamalizia. Nyasi tupu, safi, kama hapajawahi kuwa na kitu.

"Rudisha basi," Mama akasema, akamnyang'anya Njeru jembe.

"Wewe usiguse!" Mzee akaruka. "Nitarudisha mimi."

"Wewe? Uvuke mpaka kwa mti wangu?"

"Mti wako kutoka lini?"

Ndipo nikaelewa kwamba kila kitu kilihusu mti. Matoka yalipinda kwenye ule mwavokado, na upande yalipopindia ndio uliosema mti ni wa nani. Jana wote wawili walijua vizuri kabisa. Leo, matoka yakiwa kwenye beseni, kila mmoja alikuwa amepata kumbukumbu mpya.

"Apande huyu msichana," Mzee akaamua. "Ni mtu wa Meru, hana shamba hapa. Na ni yeye alitoa. Mwari, njoo. Simama vile ulikuwa. Wakati ulikuwa unang'oa, huo mti wa avokado ulikuwa mkono wako gani? Wa kulia ama wa kushoto?"

Nikachuchumaa kwenye matope, na gauni la kitenge. Nikajaribu kukumbuka. Nilikuwa nimetazama wapi? Nilikuwa natazama waridi ambalo sijaliona, kichwani mwangu. Nilikuwa namtazama Wawira.

"Wa kulia," nikasema.

Uso wa Mama ukachanua.

"Lakini kisha niligeuka... nikazunguka hivi... Wa kushoto?"

Uso wa Mzee ukachanua. Wa Mama ukajifunga.

Ningeweza kusema wa kulia na kunyamaza. Ningempa Mama mti, naye angenipa mwanawe. Nani angejua? Lakini Mzee alikuwa amesimama pale na kofia mkononi, mvua inamwagikia kwenye upara, ananitazama kama mtu aliye mbele ya hakimu. Mdomo ulikataa.

"Sijui," nikasema. "Samahani. Sijui."

Mama Njeru alinitazama mara moja tu, kisha akatazama kwingine. Niliujua mtazamo ule. Ni wa mtu anayesema viatu hivi vivuliwe.

"Mimi najua," Wawira akasema.

Wote tukageuka. Alikuwa na unga wa chapati mpaka kwenye viwiko.

"Mti ni wa Mami. Matoka yanapitia huku, upande wetu." Akaonyesha kwa kidole, sawasawa, bila kusita. "Hapa, hapa, hapa, halafu yanarudi kwa mstari."

"Wawira!" Mzee akasema. "Wewe ni mtoto wa nani?"

"Wako, baba. Lakini nimecheza hapa tangu nijue kutembea. Wacha dada apande, anatetemeka."

Baba na binti wakatazamana kwa muda. Kisha Mzee akavaa kofia yake iliyolowa. "Panda basi," akaniambia, taratibu kuliko nilivyotegemea. "Panda, tukakule. Chapati inapoa."

Nikapanda. Moja moja, pale alipoonyesha Wawira, naye amepiga magoti kando yangu, ananikabidhi matunguu. Ndiyo. Hata ukweli alikuwa nao yeye. Nilikuja kumshinda kwa maua, na hapa nilipo ndiye ananifundisha ua liingie kina gani. Ni mrembo, anajua kupika, anajua chumvi iko wapi, na sasa ni mwadilifu! Mtu amwachie mwenzake kitu kimoja basi!

"Wewe na Njeru," nikamnong'oneza, kwa sababu nina ugonjwa wa maswali hata nikiwa kwenye tope. "Hakuna kitu?"

Akaniangalia, akaanza kucheka, akaziba mdomo na mkono wenye unga na udongo.

"Njeru? Dada, huyo tulikuwa tunamnyoa na wembe hapa chini ya mti, analia mpaka kamasi. Mchukue. Mchukue mapema."

Tukala. Mzee aliongeza kuku mara mbili, nikachukua hiyo kama dalili njema. Kuhusu mbuzi wa kusafisha laana, wazee watakaa, na Njeru ameambiwa ajiandae. Amenitazama namna fulani tangu hapo.

Wakati wa kuondoka, Mama Njeru alinisindikiza mpaka kwenye lango. Alinipa mfuko wa avokado. Akaunyoosha mkunjo kwenye gauni langu, pale palipokauka tope.

"Mwari," akasema, "ukija tena, usilete kitu."

Nimeihoji sentensi hiyo njia nzima mpaka Meru. Nimeipindua, nimeipima. Na matokeo ya utafiti wangu ni haya: amesema *ukija tena*.

Basi. Hayo ndiyo yangu ya leo. Na bosi amepiga sasa hivi kuuliza kama nimelinda teritori. Nimekata simu.

*

Nyongeza. Nimerudi kwenye maneno haya baada ya mvua za masika, kwa sababu mnaniuliza mambo yaliishaje.

Mbuzi aliliwa. Wazee wetu wameshapokea wageni kutoka Kibugu. Na yale matunguu yaliyokatika, nusu nilizoziacha ardhini siku ile, yameota. Yamechanua yote, pale pale yalipokuwa tangu mababu.

Yako upande ule mwingine wa mti.

Kumbe mti ulikuwa wa Mzee Ireri siku zote. Sasa kuna mistari miwili ya matoka, mwavokado umekaa katikati, na hakuna anayeweza kuondoa hata mstari mmoja, kwa sababu itoka haling'olewi na mtu mwenye akili zake. Kwa hivyo kile kipande cha katikati si cha Mama wala si cha Mzee. Wanakiita "kwa Gakii". Hiyo ndiyo teritori yangu, wapendwa: nyasi kidogo na mti mmoja. Sikuimba, sikuweka bendera, na Simba peke yake ndiye anayeihudumia.

Nilimpigia Wawira. "Kwani ulisahau mstari ulipopita?"

"Kusahau? Dada, mimi nimezaliwa pale." Nikasikia anasukuma chapati. "Baba ako na miavokado mingine mingi. Wewe ulikuwa na Mama Njeru mmoja tu."

Na yule mzee aliyevaa kofia akasema panda basi, alijua pia.

Nimejaribu kuendelea kumwonea wivu, nimeshindwa hata pa kuanzia. Msicheke. Avokado za kwangu zikiiva, mtakuja kuomba.